Miili ya Kufundishia Udaktari: Ridhaa Kwanza, Meza ya Kidijitali Baadaye

Vyuo vinavyofundisha udaktari na utabibu nchini Tanzania vinazidi kuongezeka, na pamoja navyo imeingia biashara ya meza za kidijitali: skrini yenye urefu wa mtu aliyelala, ambayo mwanafunzi huigusa kwa kidole, ngozi ikaondoka, misuli ikafuata, mifupa ikabaki, kisha akaigusa tena na vyote vikarudi mahali pake. Anayeiona kwa mara ya kwanza hustaajabu, na ana haki ya kustaajabu. Lakini kutokana na mshangao huo imezuka kauli ninayoisikia mara nyingi hapa Bagamoyo, kutoka kwa wazazi wenye watoto vyuoni na hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya wenyewe, kwamba zama za kufundisha anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili, kwa kupasua maiti zimekwisha, na kwamba chuo kinachoendelea kuhifadhi miili kwenye formalini, dawa ya kuizuia isioze, ni chuo kilichoachwa nyuma. Makala haya yanapinga kauli hiyo. Hoja yangu ni kwamba mwili halisi bado unafundisha mambo ambayo skrini haiwezi kuyafundisha, hasa katika nchi ambayo upasuaji mwingi hufanyika katika hospitali za wilaya, na kwamba kasoro kubwa ya utaratibu wetu haimo katika kisu wala katika formalini, imo katika namna miili hiyo inavyopatikana. Tukinunua skrini ili kuikwepa kasoro hiyo, tutakuwa tumelipa fedha nyingi na kuliacha swali lenyewe bila jibu.

Kupasua maiti kulianza kwa sababu maneno ya wakubwa hayakutosha. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, matabibu wa Kigiriki Herophilus na Erasistratus walipasua miili ya binadamu kule Aleksandria, kisha mlango huo ukafungwa kwa karne nyingi. Galeni, tabibu wa zama za Warumi ambaye Waarabu walimwita Jalinusi na ambaye vitabu vyake vilitawala tiba kwa zaidi ya miaka elfu moja, aliwapasua nyani na nguruwe, akayahamishia kwa binadamu aliyoyaona kwao. Ndiyo maana vizazi kwa vizazi vya matabibu waliamini kwamba taya la chini la mtu mzima lina mifupa miwili, na kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine kupitia vitundu katika ukuta ulio katikati. Katika karne ya 13 tabibu wa Kiarabu Ibn al-Nafis aliandika kwamba ukuta huo ni mnene na hauna tundu, na kwamba damu lazima ipite mapafuni. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, aliyekuwa akifundisha Padua, Italia, na kupasua kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wanafunzi, alichapisha kitabu kilichoyasahihisha makosa mengi ya Galeni. Makosa hayo yalikuwa yamenakiliwa na watu wenye akili na uaminifu, na wangeendelea kuyanakili kama mtu asingefungua mwili na kutazama.

Bagamoyo nayo ina nafasi katika historia hii, ingawa huwa inasimuliwa kwa watalii kwa upande mwingine kabisa. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uingereza, alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, na watu wake, Chuma na Susi wakiwa mbele, waliamua kuufikisha mwili wake pwani. Aliyekabidhiwa kazi ya kuufungua alikuwa Farijala, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Unguja na huko akaona jinsi maiti inavyochunguzwa. Aliutoa moyo na viungo vya ndani, vikazikwa palepale chini ya mti huku Jacob Wainwright akisoma sala, na mwili ukatiwa chumvi na kukaushwa juani kwa wiki mbili. Ndani ya mwili waliliona bonge la damu iliyoganda, ukubwa wa mkono wa mtu, upande wa kushoto, wakalikumbuka na kulisimulia. Februari 1874 msafara ulifika hapa na mwili ukalazwa usiku katika kanisa la misheni. Ulipofika London, mpasuaji William Fergusson aliutambua kwa mfupa wa juu wa mkono wa kushoto, ambao simba aliuvunja mwaka 1844 na ambao haukuwahi kuunga sawasawa.

Nimekaa juu ya kisa hiki kwa sababu kinabeba karibu kila kitu tunachobishania leo. Farijala hakusoma chuoni, lakini alikuwa amewahi kutazama mwili ukifunguliwa, na kutazama huko kulimwezesha kufanya kazi ngumu na safi mahali pasipo na daktari yeyote, na zaidi ya hapo kulimwezesha kuiona damu iliyoganda na kutambua kwamba haikustahili kuwapo. Fergusson naye alitegemea jeraha la mtu mmoja mahususi, jambo ambalo mchoro wa jumla usingeweza kumpa. Kisha kuna heshima: waliomfungua Livingstone walikuwa watu wake, waliobeba mwili huo kwa miezi mingi, na hawakuona kwamba kisu na sala haviwezi kukaa pamoja.

Tuje kwenye hospitali zetu. Mwanafunzi wa utabibu hufundishwa mapema kwamba sindano ya tako inachomwa katika robo ya juu upande wa nje, na wengi huikariri kanuni hiyo bila kuelewa inalinda nini. Inalinda neva (mshipa wa fahamu) ya siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, ambayo hutoka ndani ya nyonga, ikapita chini ya msuli mkubwa wa tako na kushuka nyuma ya paja. Ikiguswa na sindano, hasa ya dawa kali kama kwinini, mtoto anaweza kuamka kesho yake akiburuta unyayo, na baadhi yao huuburuta maisha yao yote. Juu ya skrini neva hiyo ni mstari wa manjano. Kwenye maiti mwanafunzi hukata ngozi, akakuta mafuta mazito zaidi ya alivyodhani, akakuta utando mgumu, akautenganisha msuli mkubwa kwa vidole, na chini yake akagusa kamba yenye upana wa kidole gumba. Hapo ndipo anapojua kwa kiganja chake kwamba kati ya ngozi na neva kuna kina kiasi gani, na kwamba kina hicho kwa mtoto aliyekonda ni kitu kidogo mno.

Katika miaka niliyofundisha matabibu, mwanafunzi mmoja aliniita mezani akiwa na wasiwasi kwamba ameharibu kazi, kwa kuwa alikuwa akitafuta neva moja akakuta mbili, moja ikiwa imepenya katikati ya pirifomisi, msuli mdogo ulio ndani ya tako, badala ya kupita chini yake. Hakuwa ameharibu chochote. Kati ya watu kumi, mmoja au wawili wameumbwa hivyo. Kitabu chake kilikuwa kimelitaja jambo hilo kwa sentensi moja ambayo aliisoma bila kuisoma. Wenzake wa meza nyingine walikuja kutazama, na nusu saa iliyofuata ilifundisha kitu ambacho hakimo katika mtaala wowote kwa uzito unaostahili: kwamba mwili wa kitabuni ni wa wastani, na mgonjwa atakayelala mbele yako si wa wastani. Ateri ya kulia ya ini, mshipa unaolipelekea ini damu, kwa mfano, kwa watu wasio wachache haianzii pale kitabu kinapoonesha, na mpasuaji anayeondoa mfuko wa nyongo bila kulijua hilo anaweza kukata damu ya ini.

Mfano mzito zaidi ni wa akina mama. Mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni hupita chini ya ateri ya mji wa mimba, sentimita mbili hivi kutoka kwenye shingo ya kizazi. Wakati wa upasuaji wa dharura, damu ikiwa imefurika na taa ni hafifu, mkono unaoifunga ateri hiyo unaweza kuufunga au kuukata mrija pamoja nayo, na mwanamke akatoka hospitalini akivuja mkojo. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliyohusu wanawake karibu 6,000 waliofanyiwa upasuaji wa fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo namna hiyo, katika nchi 11 za Afrika na Asia, yalikuta zaidi ya 800 kati yao majeraha yao yalitokana na upasuaji wenyewe, na si uchungu wa muda mrefu. Nchini kwetu kwa miongo mingi kazi hiyo ya uzazi imebebwa na madaktari wasaidizi: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulionesha kwamba wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi, na kwamba matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada. Hiyo ni sifa kwao. Vilevile ni sababu ya kutowapunguzia wanaokuja nyuma yao nafasi ya kuushika mrija huo kwenye mwili usiotoka damu, kabla ya kuutafuta kwenye mwili unaotoka damu.

Upande wa pili una hoja nzito, na ya kwanza ni ya kisayansi. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi zilizolinganisha njia za kufundisha anatomia maabara, na haukukuta tofauti kati ya wanafunzi waliopasua na waliotumia njia nyingine katika matokeo ya muda mfupi. Ni matokeo yasiyopaswa kufichwa, na anayetetea kupasua maiti kwa kudai kwamba wanaopasua hufaulu mitihani zaidi anatetea kwa silaha iliyovunjika. Lakini lazima tuulize mitihani hiyo ilipima nini. Ilipima majina na mahali pa viungo, muda mfupi baada ya somo. Haikupima kama miaka kumi baadaye mtu huyo, usiku wa manane katika hospitali ya wilaya, atatambua kwamba anachokiona tumboni hakifanani na mchoro na atasimama kabla ya kukata. Sijui njia rahisi ya kulipima hilo. Ninachosema ni kwamba tafiti zilizopo zinathibitisha kwamba skrini inafundisha majina vizuri, na hilo ninalikubali bila kinyongo.

Hoja ya pili ni ya afya. Formalini ni kemikali ya hatari. Tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ukumbi usio na feni za kutosha za kutoa hewa chafu, ambamo macho huwasha na koo hukauka ndani ya dakika chache, hauwezi kutetewa kwa kusema kwamba hata sisi tulipita humo. Kuna njia nyingine za kuhifadhi miili, kama ile iliyobuniwa na Walter Thiel kule Graz, Austria, na kuchapishwa mwaka 1992, ambayo hutumia formalini kidogo sana na kuuacha mwili ukiwa laini karibu na ulivyokuwa. Gharama yake ni kubwa kuliko ya kawaida. Lakini feni na madirisha si gharama ya kutisha, na chuo kisichoweza kuviweka hakistahili kuwa na ukumbi huo.

Kuna pia suala la walimu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalozisukuma zaidi meza za kidijitali kuliko sayansi yoyote. Mwili mmoja mezani huhitaji mwalimu anayeujua, anayeweza kuzunguka na kuuliza maswali, na madaktari wanaokubali kubaki katika anatomia ni wachache kwa kuwa kliniki na hospitali binafsi hulipa vizuri zaidi. Skrini inaonekana kuwa jibu. Nimeona hata hivyo kwamba mwanafunzi aliyeachwa peke yake mbele ya skrini huizungusha tu picha, kama ambavyo aliyeachwa peke yake mbele ya maiti huishia kuchanachana. Upungufu wa walimu utabaki pale pale, umeme ukiwepo au usiwepo.

Tena, wanaosema kwamba kwa kutumia picha tumeachana na maiti hawajauliza picha hizo zilitoka wapi. Mradi uliozifungulia njia ulikuwa wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambao mwaka 1994 ulitoa picha za mwili mzima wa mwanamume na mwaka 1995 za mwanamke. Mwanamume huyo alikuwa na umri wa miaka 39, mfungwa aliyeuawa kwa sindano ya sumu Texas mwaka 1993. Mwili wake uligandishwa na kusagwa tabaka kwa tabaka, milimita moja moja, kila tabaka likipigwa picha, zaidi ya tabaka 1,800. Alikuwa ametia saini kutoa mwili wake kwa sayansi, lakini hakujua kwamba ungetazamwa na dunia nzima. Basi hata aliye kwenye skrini ni mtu aliyepasuliwa, mara moja na kwa niaba ya wengine wote, na swali la ridhaa limemfuata mpaka huko.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu vyuo vya tiba barani Afrika ulionesha kwamba vingi hutegemea miili isiyodaiwa na ndugu: wale waliofia hospitalini au barabarani na hakuna aliyekuja kuwachukua. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia lilipendekeza kwamba miili ya kufundishia itokane na watu waliotoa ridhaa kwa hiari yao wakiwa hai. Baina ya hali hiyo na pendekezo hilo kuna pengo, na katika pengo hilo ndimo inamoishi hoja ambayo kwangu ni dhaifu kuliko zote, ingawa husemwa kwa sauti ya huruma: kwamba maiti isiyo na mwenyewe haina wa kudhulumiwa, na ni heri isaidie kufundisha kuliko kuzikwa na manispaa bila faida.

Hoja hii inasahau kwamba mwili huo ulikuwa na mwenyewe, naye ni marehemu. Kutodaiwa hakumaanishi kutopendwa. Mvuvi aliyetoka Kilwa akafia Dar es Salaam bila kitambulisho, kijana aliyegongwa na lori barabarani, mama aliyefariki wodini huku jamaa zake wakishindwa kulipa bili na wakiogopa kuja, hao ndio wasiodaiwa. Ukiwaangalia utaona wanafanana katika jambo moja tu, umaskini. Uingereza ilipitia njia hiyo hiyo. Baada ya mauaji ya Edinburgh ya mwaka 1828, ambapo William Burke na William Hare waliwaua watu 16 ili kuwauzia wanaanatomia, bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1832 iliyoruhusu miili isiyodaiwa itumike. Biashara ya kufukua makaburi ilikufa, lakini mzigo ulihamia kwa waliofia katika nyumba za maskini, na kwa miongo mingi kufia humo kuliogopwa kuliko kifo chenyewe. Sheria ilipata miili na ikapoteza imani.

Kwetu pwani imani hiyo ina majeraha ya zamani zaidi. Nani aliyekulia Bagamoyo au Tanga hakuwahi kutishwa na mumiani, yule anayesemwa kwamba huwakamata watu usiku ili kuwatoa damu kwa ajili ya dawa? Ni rahisi kuliita jambo hilo ushirikina na kupita. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, mengi yakitoka Rwanda na takriban 200 yakitoka Tanzania, na kwa vipimo vya vinasaba wakapata ndugu walio hai. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala huo mwanzoni. Watu waliosema kwamba mgeni mwenye elimu anaweza kuja kuchukua viungo vya wafu wetu bila kuuliza hawakuwa wakiota. Hofu ya aina hiyo huondoka pale tu aliyeogopwa anapoanza kuomba na kukubali kuambiwa hapana.

Wengi hudhani kwamba dini zetu zitasema hapana moja kwa moja. Si kweli, ingawa zina masharti. Waislamu wanaijua hadithi aliyoisimulia Bi Aisha, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na kwa hadithi hiyo wapo masheikh wanaokataza kabisa. Kauli yao ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu duniani, lililokutana Makka mwaka 1987, lilikubali upasuaji wa maiti kwa sababu tatu: kuchunguza jinai, kuchunguza maradhi, na kufundisha tiba. Liliweka masharti, miongoni mwake kwamba ikiwa marehemu anajulikana awe ameruhusu kabla ya kufa au warithi wake waruhusu, kwamba upasuaji usizidi haja, kwamba miili ya wanawake ipasuliwe na madaktari wanawake ila wakikosekana, na kwamba sehemu zote za mwili zizikwe. Kwa Wakatoliki, Katekisimu yao inaruhusu uchunguzi wa maiti kwa ajili ya sheria au utafiti wa kisayansi, na inasifu kutoa viungo bure. Ukiyasoma masharti ya Makka na pendekezo la wanaanatomia la mwaka 2012 kwa pamoja, utaona yanakaribiana sana kuliko wengi wanavyodhani: yote mawili yanarudi kwenye ridhaa.

Ugumu halisi kwa familia ya hapa uko kwenye muda. Tumezoea marehemu aoshwe, avishwe sanda, asaliwe na kuzikwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Mwili wa kufundishia hukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kuzikwa. Kumwambia mjane asubiri hivyo ni kumwomba jambo kubwa, na asidanganywe na mtu yeyote kwamba ni dogo. Kwa sababu hiyo naamini watakaokubali watakuwa wachache, na vyuo vijipange kwa uchache huo badala ya kuulalamikia.

Lakini wachache hao wapo, na Bagamoyo inayo sababu ya kuliamini hilo. Katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vituo viwili vilikuwa vyetu, Bagamoyo na Korogwe. Zaidi ya watoto 15,000 waliingizwa katika majaribio hayo kwa jumla. Wazazi waliombwa kukubali mtoto wao mchanga achomwe sindano ya kitu kisichojulikana bado kama kitamkinga, atolewe damu, afuatiliwe kwa miaka. Katika mji unaomjua mumiani, kutoa damu ya mtoto si jambo jepesi. Walikubali kwa kuwa mikutano ilifanyika vijijini, fomu zilisomwa kwa Kiswahili, maswali yalijibiwa, na aliyetaka kujitoa alijitoa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba watu hao hao hawawezi kuelewa ombi jingine lililoelezwa kwa uaminifu wa namna hiyo.

Haya yana matokeo katika namna ya kupanga mafunzo. Ikiwa miili ya hiari itakuwa michache, haitatosha kila chuo kuwa na ukumbi wake, na si lazima. Mwanafunzi wa udaktari na anayesomea upasuaji wapasue wenyewe. Kwa wanaosomea utabibu na uuguzi, viungo vilivyopasuliwa vizuri na mwalimu stadi na kuhifadhiwa vinatosha kwa sehemu kubwa, mradi waje wavishike kwa mikono, na vyuo vya Pwani na Tanga vingeweza kuwapeleka kwa zamu katika ukumbi mmoja wenye miili ya hiari na hewa safi. Skrini ibaki na kazi yake halisi, ambayo ni kurudia masomo, kuonesha mwili kwa vipande kama mashine za picha za hospitalini zinavyouonesha, na kumwandaa mwanafunzi kabla hajaingia ukumbini. Matumizi ya miili isiyodaiwa yapangiwe mwaka wa kukoma, hata kama mwaka huo uko mbali, kwa sababu bila tarehe hakuna chuo kitakachojisumbua kuomba.

Na ombi lenyewe liandikwe kikamilifu. Kutoka Bagamoyo hadi Muhimbili ni kama kilomita 65. Fomu itakayoletwa mbele ya mzee wa Dunda au Magomeni ya hapa Bagamoyo iseme nani atalipia gari la kuupeleka mwili na kuurudisha, mwili utakaa kwa muda gani bila kuzidi, nani atauosha na kwa dini gani, utazikwa makaburi yapi, ndugu watapewa taarifa lini, kama picha zitaruhusiwa au la, na kwamba mtoaji anaweza kubadili nia siku yoyote bila kueleza sababu. Iseme pia kwamba ndugu wakikataa baada ya kifo, chuo kitaondoka bila kubishana nao msibani. Fomu isiyo na mambo hayo mzee huyo airudishe kwa aliyeileta, na chuo kilichoiandika kikaiandike upya.